Joto la Ardhi Lipimwe Kabla ya Kuchorongwa

Chemchemi za maji ya moto za Hika, Gonga na Takwa, katika uwanda wa kati, huwavuta wengine kuitaja Olkaria ya Kenya, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kazi mwaka 1981. Mfano huo hauhamishiki kirahisi. Olkaria hupashwa joto na volkano changa. Dodoma na Singida zimeketi juu ya miamba ya matale yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Hata heliamu inayotoka na viputo vya chemchemi hizo ni zao la kuoza kwa urani na thori katika mawe hayo ya kale. Ni dalili ya ukale, si ya tanuri lililo karibu.

Je, utafiti uachwe? La. Joto la kadiri huenda likatosha kukausha zabibu, jambo lisilo dogo Dodoma. Lakini katika nchi kame, chemchemi ikiharibiwa na uchorongaji, mifugo ndiyo itakayokosa maji kwanza. Basi joto, kemia na wingi wa maji vipimwe kiangazi na masika, na wanakijiji wasomewe matokeo, kabla mashine haijapelekwa.