Jina la Babu Katika Daftari la Vita

Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Ceylon. Tarehe 12, karibu na Maldivi, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Miongoni mwa waliokufa maji walikuwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki zaidi ya 600. Majina yao yamo kwenye mnara wa makaburi ya vita, Nairobi.

Ndugu msomaji, ikiwa kwenu husemwa tu kwamba babu alikwenda vitani asirudi, anza kwa bibi. Muulize jina la baba yake babu, lakabu na mtaa, kwani karani wa jeshi aliandika alivyosikia: Khamis huenda akawa Hamisi. Kisha fungua kasha la zamani. Nambari ya askari hukata shaka ambayo jina huiacha. Daftari la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola hutazamwa bure kwenye intaneti.

Wapagazi wa 1914–1918 wana shida kubwa zaidi. Wengi hawakuandikwa kwa majina, na Tume yenyewe ilikiri hivyo mwaka 2021. Kwa hao, yaandikeni leo hii anayoyakumbuka bibi.