Hamsini kwanza, lenzi ndefu baadaye
JICHO LA WIKI
Na Hamisi Mkwaya

Mpwa wangu alipewa kazi ya kupiga picha za sendofu ya jirani yetu hapa Temeke. Kamera yake ni Canon 1300D, aliyoinunua mkononi mwa mtu pamoja na lenzi yake ya 18-55. Picha za nje zilikuwa safi. Za ukumbini, bibi harusi alipoingia akicheza na wenzake, zilitoka mikono imekuwa moshi na nyuso hazijulikani. "Mjomba, nikipata hela nanunua lenzi ndefu ya kuvuta, hii haifai," akaniambia.

Nilimkatalia. Lenzi ndefu ya bei nafuu, tuseme Canon 75-300, ingemrudisha pale pale. Tundu lake la mwanga ni dogo, haina kifaa cha kutuliza mtikisiko, na ukishavuta mbali, mkono ukitetemeka kidogo tu picha imeharibika.

Kilichokosekana ukumbini ni mwanga. Lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Picha iliyohitaji sehemu moja ya kumi ya sekunde, muda ambao mtu anayecheza ameshahama, utaipiga kwa sehemu moja ya mia, na hina ya bibi harusi itaonekana mpaka kwenye vidole. Canon walitoa toleo la STM la lenzi hiyo mwaka 2015, kwa takriban dola 125 za Marekani. Lile la mwaka 1990 bado linazunguka mitaani. Shingo yake ni ya plastiki, lishikwe kwa uangalifu.

Hamsini ina kasoro yake. Kwenye kamera kama ya mpwa wangu inaona kwa wembamba wa 80mm, na katika sebule ndogo utarudi nyuma hadi ugote ukutani. Kwa hiyo 18-55 usiiuze. Ukoo mzima ukipanga mstari jukwaani, bado utaihitaji.

Wenye Nikon wana mtego wao. Kamera za D3100 hadi D3500, na ndugu zao wa D5000, hazina mota ya kufokasi ndani ya bodi. Lenzi ya zamani ya AF 50mm f/1.8D itaingia vizuri, ila kufokasi utazungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Mimi ningechukua 35mm f/1.8G ya DX, iliyotoka mwaka 2009.

Kwenye mtumba nimeumia mwenyewe. Niliona kioo cha mbele kinang'aa, nikalipa. Nyumbani nikaimulika lenzi kwa tochi, nikakuta ndani nyuzi kama utando wa buibui. Ni fangasi, na unyevu wa pwani yetu unaistawisha, hasa lenzi ikifungiwa kabatini miezi kadhaa. Nenda na kamera yako na simu yako. Mulika upande mmoja, tazama upande wa pili. Kisha ifunge kwenye kamera, fokasi karibu, fokasi mbali, piga picha kumi hapo hapo na uzikuze kwenye kioo cha kamera. Muuzaji akikukataza kujaribu, ondoka na hela yako.

Na kabla hujafika huko, ikiwa huna hakika uchukue 35 au 50, weka 18-55 yako kwenye namba 35 na usiiguse siku nzima. Kesho yake isogeze karibu na 50, ufanye vivyo hivyo nyumbani, kibaruani na mtaani. Ile ambayo hukutamani kuihamisha, hiyo ndiyo ununue.