Unamjua Waruinge Nakayama?

Ukiwa na vijana nyumbani waijua adha ya Jumapili jioni. Majuzi hapa Kimbo, Ruiru, nilimkuta mwanangu amempanda mdogo wake mgongoni, godoro liko sakafuni na shuka limegeuzwa joho la bingwa. Walikuwa wametoka kutazama mieleka ya Wamarekani kwenye runinga. Nilipowatenganisha, swali likaja: "Baba, wale huumia kweli?"

Jibu si la neno moja. Mshindi hupangwa kabla kengele haijalia, na hilo si siri tena. Lakini kuanguka ni kuanguka. Katika miaka ya 1940 na 1950, aliyeigeuza mieleka kuwa maonyesho makubwa ya televisheni huko Marekani ni George Wagner. Alizipaka nywele rangi ya dhahabu, akajiita Gorgeous George, yaani George Mrembo, na mtumishi wake alitangulia ulingoni kunyunyiza marashi. Watu walilipa ili wamzomee. Muhammad Ali alikiri kuwa majigambo yake aliyachota kwake. George alifariki mwaka wa 1963 akiwa hana kitu.

Nikawaambia wanangu kwamba Kenya pia ilikuwa na mtu wake aliyepigana kwa malipo ughaibuni, kwa jina jipya, ila ngumi zake hazikupangwa na mtu. Hawakumjua. Wewe je?

Waruinge Nakayama ni Philip Waruinge wa Nakuru, mji ambao ukumbi wake wa ndondi huitwa Madison Square Garden kama ule wa New York. Alizaliwa mwaka wa 1945. Katika uzani wa unyoya alinyakua dhahabu ya Jumuiya ya Madola mara mbili: Kingston mwaka wa 1966 na Edinburgh mwaka wa 1970.

Katikati hapo ndipo penye uchungu. Katika Olimpiki ya Mexico ya 1968, alikutana kwenye nusu fainali na Antonio Roldán, kijana wa nyumbani. Waamuzi watatu walimpa Roldán ushindi, wawili wakampa Waruinge. Kwenye fainali, Mmarekani Albert Robinson aliondolewa kwa kosa la kupiga kichwa, na dhahabu ikabaki Mexico. Waruinge akaambulia shaba. Kisha, ajabu, wakubwa wa ndondi wakampa yeye Kombe la Val Barker, ambalo ni la bondia mwenye ustadi kuliko wote katika michezo hiyo! Ukinipa bora kuliko wote, mbona ukaninyima fainali?

Miaka minne baadaye, mjini Munich, alifika fainali dhidi ya Boris Kuznetsov wa Urusi. Kura zikawa tatu kwa mbili tena. Fedha.

Basi mwaka wa 1973 alikwenda Japani kupigania pesa, na huko ndiko alikopata hilo la Nakayama. Simlaumu hata kidogo, kwa kuwa nishani hailipi karo wala kodi ya nyumba. Lakini alikuwa na miaka 28, na mabondia wengi huanza kazi ya kulipwa mapema kuliko hapo. Mwaka wa 1976 aliwania taji la dunia la WBC, uzani wa super-bantamu, lililokuwa likishindaniwa kwa mara ya kwanza. Pigano lilikuwa Panama, nyumbani kwa mpinzani wake Rigoberto Riasco. Riasco alishinda kabla raundi zote 15 hazijatimia. Waruinge hakupata taji la dunia, na aliporudi Nakuru, magazeti yalimwandika zaidi ya mara moja akiwa katika shida.

Mwanangu hakuridhika. Alitaka kujua kwa nini hakubaki na jina lake. Nikamtuma kwa babu yake, mtu wa redio tangu zamani. Mzee alipoulizwa juu ya Nakayama, alitikisa kichwa, hamjui huyo. Kijana akataja Waruinge. Mzee akaweka kikombe cha chai chini, akakunja ngumi zote mbili.