KAZI ZIMEGATULIWA, FEDHA ZIFUATE

Kila anunuapo petroli au dizeli, mwananchi hutoa ushuru wa matengenezo ya barabara. Mwezi Julai 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa lita. Asiye na gari hasalimiki: huutoa katika nauli ya matatu, katika bei ya unga na katika gharama ya kufikisha mboga sokoni. Basi ni haki yetu kuuliza: fedha hizi huenda wapi, na ni nani azigawaye?

Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 haikuacha shaka. Jedwali la Nne liliipa serikali ya taifa barabara kuu, likazipa serikali za kaunti barabara za kaunti. Barabara zilipoainishwa upya mwaka 2016, kati ya kilomita zaidi ya 161,000 nchini, takriban 121,000 zilitajwa kuwa za kaunti. Robo tatu ya mzigo imetwikwa kaunti. Je, fedha nazo?

Tuliwahi kuyaona haya. Sheria ya mwaka 1969 iliyanyang'anya mabaraza ya wilaya shule za msingi, afya na barabara, yakabaki majina matupu yanayopiga magoti mbele ya wizara Nairobi. Enzi ya chama kimoja barabara ikawa zawadi ya utiifu, na mahali palipokuwa na ndimi kali palijua kwamba lami itachelewa. Tulidai vyama vingi, na Kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, ili tabia hiyo ikome.

Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, kaunti zilipata kwa miaka kadhaa sehemu ya ushuru huu kama ruzuku. Mwaka 2021 ruzuku ilikoma, na mgao wa jumla wa kaunti ukapanda kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370. Tangu 2024 Seneti na magavana wamevutana na Bunge la Taifa juu ya shilingi bilioni 10.5 za ushuru huo. Wabunge walijibu kwamba fedha za barabara zilikwisha kuingizwa katika nyongeza ile. Hoja hiyo tumeisikia na hatuidharau. Lakini mgao wa jumla hulipa pia wauguzi, dawa na walimu wa chekechea. Ushuru wa mafuta umetozwa kwa jina la barabara, na ni barabara unazopaswa kuzifuata.

Tunaambiwa pia kwamba mashinani hapakusahauliwa, kwa kuwa fungu moja la ushuru hugawiwa maeneo bunge yote 290 kwa kiasi sawa. Tutazame usawa huo. Marsabit, iliyo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ardhi ya Kenya, ina maeneo bunge 4. Vihiga, isiyofika kilomita 600 za mraba, ina 5. Hatuwaonei kijicho ndugu zetu wa Vihiga, ambao nao wana njia zao za matope. Twasema tu kwamba kugawa sawasawa si lazima kuwe kugawa kwa haki. Tena kazi ya mbunge ni kutunga sheria na kukagua matumizi. Akigawa yeye na kukagua yeye, nani atamkemea?

Magavana nao wasidhani tunawapigia debe. Ufisadi ukihamishwa kutoka Nairobi hadi makao ya kaunti, mwananchi hatakuwa amepata kitu.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, sheria itaje wazi fungu la kaunti katika ushuru huu, lisitegemee hisani ya mwaka hadi mwaka. Pili, ugavi uzingatie urefu na hali ya barabara, pamoja na kiwango cha chini kitakachozilinda kaunti ndogo kama Lamu zisimezwe na kubwa. Tatu, kila kaunti ibandike hadharani, katika kila wadi, jina la barabara, kiasi cha fedha na jina la kandarasi.

Wananchi, waulizeni wabunge, maseneta na magavana wenu msimamo wao, na majibu yao myakumbuke siku ya kura. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.