Mtumbwi si wa kukimbilia tu

Leo nataka kuongea juu ya kitu ambacho najua wengine mtacheka: mashindano ya mitumbwi. Ndiyo, hapa hapa Nakivale. Someni mpaka mwisho, halafu mcheke.

Wikendi iliyopita tulipata wageni wawili kutoka Kampala, marafiki ambao tulisoma nao msingi hapa kambini. Mmoja siku hizi anafanya kibarua Kaazi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye klabu ya boti za matanga inayoitwa Victoria Nyanza Sailing Club. Kazi yake ni kuosha boti na kuzivuta nchi kavu. Ijumaa usiku tulikula ugali na ndagala, na jamaa akaongea matanga mpaka saa sita.

Alituelezea hivi. Boti ni ndogo, za mtu mmoja au wawili, bila injini. Mstari wa kuanzia haupo chini, uko kati ya boya na boti ya waamuzi. Honi inalia zikibaki dakika tano, na mwenye kuvuka mapema anarudi nyuma kuanza upya. Ukielekea upepo unakotoka huwezi kunyoosha moja kwa moja, inabidi ubishe: unakata kulia, unakata kushoto, mpaka ufike. Boti mbili zikikutana, yule anayepata upepo kwa upande wa kulia ndiye mwenye haki, mwingine anapisha. Na ukikosea, mara nyingi hungoji refa apulize filimbi. Unajiadhibu mwenyewe: unazungusha boti yako mara mbili palepale, wenzako wanakupita, halafu unaendelea.

Lakini kitu kilichonigusa zaidi ni kingine. Alisema sheria ya kwanza kabisa katika kitabu chao haihusu kushinda. Inasema kila boti lazima imsaidie mtu yeyote aliye hatarini.

Hii si maneno ya kwenye karatasi tu. Mwaka 1988, kwenye Olimpiki ya Korea Kusini, Mkanada mmoja anayeitwa Lawrence Lemieux alikuwa nafasi ya pili katika mbio zake. Upepo ulikuwa mkali. Akaona mabaharia wawili wa Singapore boti yao imepinduka, akaacha mbio akaenda kuwatoa. Alimaliza nyuma sana. Waamuzi wakamrudishia ile nafasi ya pili, na akapewa medali ya heshima kwa utu wake.

Jumamosi asubuhi tukashuka ziwani, watu sita. Tuliongea na mvuvi mmoja, mzee mwenyeji, akakubali kutupa mtumbwi wake na yeye mwenyewe akae nyuma kushika kasia la kuongoza. Alikuwa na jaketi za kuelea mbili tu. Akasema: "Wawili wawili. Asiye na jaketi haingii." Basi mbio zetu zikawa za saa: kila jozi inapiga kasia mpaka kwenye boya la wavu na kurudi, sisi wa nchi kavu tunapima kwa simu. Alituonyesha na upande ambao viboko hukaa, tusiusogelee.

Mgeni wetu akajaribu kufunga kipande cha turubai kuukuu kwenye fimbo mbili, eti tanga. Mtumbwi ukageuka ukaelekea tulikotoka. Tulicheka mpaka machozi. Walioshinda ni dada yangu mdogo na yule mgeni mwingine, na mpaka leo hatulali kwa kujisifu kwao.

Sasa niseme ukweli. Zamu yangu ilipofika, mawimbi madogo tu yalipopiga ubavu, mwenzangu alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Na mimi moyo ulikuwa mdomoni. Tuliporudi tukaulizana: nani anajua kuogelea? Katika sita, mmoja. Sisi watu wa Baraka na Uvira, watoto wa Tanganyika, mmoja!

Mama yangu aliposikia tulikoenda hakufurahi. Yeye alivuka Tanganyika usiku, akiwa na mtoto mgongoni, katika mashua iliyojaa watu. Akaniambia: "Mimi na maji tulishamalizana." Siwezi kubishana naye. Si tunakumbuka tarehe 22 Machi 2014? Ndugu zetu wa kambi ya Kyangwali walikuwa wanarudi Congo, mashua ikajaa kupita kiasi, ikazama Ziwa Albert. Walikufa watu zaidi ya mia moja, na watoto wengi ndani yake.

Lakini mama anisamehe, mimi naona hiyo ndiyo sababu ya kujifunza. Wengi wetu tumejua mashua kama kitu cha kukimbilia tu: giza, kelele, kusukumana, hakuna wa kusema "imejaa, shuka". Kijana aliyezoea kuhesabu jaketi kabla ya kuhesabu watu, siku moja atakuwa yule anayesema "mtumbwi huu umejaa". Mtu huyo hapatikani kwenye semina ya saa mbili. Anapatikana kwa kuzoea, Jumamosi hadi Jumamosi.

Wengine mtasema hayo ni mambo ya wazungu. Hapana. Lamu na Zanzibar wanashindanisha mashua na ngalawa. Hapa Uganda, koo za Buganda zinashindana kwa mitumbwi mbele ya Kabaka. Wengine mtasema: chakula kimepunguzwa, wewe unaleta michezo? Ni kweli, njaa ipo. Lakini tulipoletewa mipira ya miguu hakuna aliyesema tushibe kwanza.

Sidai klabu kama ya Kaazi. Naomba mambo matatu. Kwanza, jaketi, kabla ya mtumbwi na kabla ya tanga. Mwenye kutaka kutusaidia aanzie hapo. Pili, tupate ruhusa ya ofisi ya kambi na viongozi wa wavuvi, tusiibie. Tatu, walimu wawe wavuvi wenyewe, wenyeji na wakimbizi, maana wao wanajua upepo, wanajua viboko, na watalipwa kidogo kwa muda wao. Kuogelea tutafute mahali salama pa kujifunzia, si pale penye viboko.

Juzi jioni mama aliniuliza, bila kuniangalia: "Huyo mzee, jaketi zake ni mbili tu?" Nikamwambia ndiyo, mbili. Akasema: "Ni kidogo."

Mama amesema. Na nyinyi mnasemaje?