Mazoea ya Kuhesabu: Mwalimu na Aanze na Nafsi Yake

Nina mazoea ambayo jamaa zangu huyacheka: siwezi kupita mahali bila ya kuhesabu. Nikipanda ngazi nahesabu vipandio; nikikaa msibani nahesabu mikeka na kukisia idadi ya wageni; nikiwa ndani ya basi nazidisha safu za viti. Mke wangu huniambia kwamba iko siku nitauhesabu hata wali punje kwa punje. Sikatai. Lakini nimekuja kuamini kwamba mazoea haya yamenifaa katika kufundisha Hisabati kuliko kitabu chochote, na nathubutu kuwaambia ninyi wanachuo kwamba mwalimu asiyehesabu nje ya darasa hana cha kuwapa watoto ndani yake isipokuwa kanuni za kukariri.

Tuchukue jambo dogo. Bomba moja uani mwa chuo lilikuwa likivuja tone moja kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400, na matone ni kadhalika. Tukikisia kuwa matone 20 hufanya mililita 1, tutapata mililita 4,320, yaani zaidi kidogo ya lita 4 kwa siku. Ndoo ya lita 20 hujaa kabla ya siku 5 kutimia. Hesabu hii ina kuzidisha na kugawanya, ina vipimo vya ujazo na vya wakati, na zana yake haina gharama. La maana zaidi ni kwamba jawabu lake laweza kujaribiwa. Mtoto akikinga kopo usiku, asubuhi atajua mwenyewe kama alikadiria vyema, wala hahitaji kufunua kurasa za mwisho za kitabu.

Vivyo hivyo hatua. Mita 100 za uwanja wa michezo mimi huzimaliza kwa hatua 130. Kutoka nyumbani hadi shule niliyoanzia kazi palikuwa na hatua 1,560, basi ni mita 1,200. Watoto walipopima kwa hatua zao, kila mmoja alikuja na idadi yake, na ubishi ukazuka: nani mkweli? Hapo ndipo walipofahamu kwa nini watu waliacha shibiri na dhiraa za kila mtu wakatafuta kipimo cha namna moja, nami sikuhitaji kuwahubiria.

Lakini mtu mwenye mazoea haya ana hatari yake: huipenda mno njia yake. Katika miaka yangu ya kwanza kazini niliwapa watoto wa darasa la tatu swali la kalamu 12, kila moja shilingi 25. Mvulana mmoja aliandika 300 bila ya kuonyesha njia. Nilimpa sifuri, na kwa wino mwekundu nikaandika, "Umenakili." Juma lile lile nilimkuta sokoni akimsaidia mama yake kuuza machungwa. Akaniamkia, nami nikanunua 6 kwa shilingi 15 kila moja, nikatoa shilingi 200. Hakutoa 90 katika 200 kama nilivyomfundisha. Alinihesabia kiganjani: "Tisini, na hii kumi, mia, na hii mia, mia mbili. Chenji yako hiyo, mwalimu."

Nikamwuliza habari ya zile kalamu. Akajibu kwa woga, "Kalamu nne ni mia, mwalimu. Kumi na mbili ni nne mara tatu." Mama yake akauliza kulikoni, sikuwa na la kumwambia mbele ya wateja. Jumatatu niliifuta sifuri ile mbele ya darasa zima, lakini mvulana yule hakuinua mkono katika somo langu mpaka mwisho wa muhula.

Baadaye nilisoma utafiti uliochapishwa mwaka 1985 na Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walioufanya Recife, nchini Brazil. Watoto 5 waliozoea kuuza bidhaa mitaani waliulizwa maswali kama mteja aulizavyo, wakapata kiasi cha 98 kwa 100. Hesabu za namna hiyo hiyo zilipotolewa kishule, tarakimu tupu bila ya kutaja bidhaa, walipata kiasi cha 37 kwa 100. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi 10 kwa cruzeiro 35 kila moja. Hakuongeza sifuri mwishoni kama shule itakavyo. Alianza na nazi 3, yaani 105, akaongeza 3, kisha 3 tena, akafika 315, halafu 350. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mwuza machungwa wangu.

Simaanishi kwamba kanuni zitupwe. Hakuna anunuaye machungwa 347 kwa shilingi 286 kila moja kisha akahesabu kiganjani. Hapo kuzidisha kwa kupanga tarakimu hakuna badala yake. Ninachodai ni kwamba kabla ya wino mwekundu mwalimu aulize, "Umepataje?" na kisha anyamaze, jambo ambalo kwetu sisi walimu ni gumu kuliko kuuliza.

Turudi kwenye bomba. Niliwapa wanachuo kazi ya kukinga maji yake kwa usiku mmoja na kukadiria ya siku nzima. Kikundi kimoja kilipata lita 4, cha pili lita 6, wakabishana hadi kengele ya chakula kama matone yalikuwa makubwa au ndoo yao ndiyo mbovu. Kikundi cha tatu kilipitiwa na usingizi.