Mgeni njoo, mwenyeji apone: lakini ni mwenyeji gani anayepona?



Kule Mombasa na Zanzibar, meli kubwa za watalii hutia nanga asubuhi, jioni zikaondoka. Wageni huuziwa matembezi humohumo melini: basi linawangoja bandarini, mahali pa kula pamekwisha kuchaguliwa, hata duka la vinyago. Kijana wa mji anayejua kila kichochoro anabaki nje ya geti akiangalia mabasi yakipita. Wageni wachache hutoka kwa miguu, wakaelewana naye bei, na pesa ile inalala nyumbani kwake.

Sisi hatuna bahari, lakini basi lile tunalijua. Kwetu ni jeep. Kwa miaka mingi nimeiona ikitoka Goma na maji yake, mkate wake, mkalimani wake. Inasimama kambini, mama mmoja anaulizwa maswali matatu, picha zinapigwa, na saa nane imeshageuka kuelekea Sake. Mgeni atasema amefika Masisi. Hajaonja bugali wala sombe ya mtu, hajapanda pikipiki ya motari wetu, na jibini ya Masisi atainunua Goma.

Walikale ni vilevile. Sehemu ya msitu wa Kahuzi-Biega iko kwao, lakini watalii wa sokwe wamezoea kuingilia Tshivanga, upande wa Bukavu. Mtu wa Itebero anakatazwa kuwinda, na faranga ya mtalii haioni.

Najua jibu la wenye misafara: usalama. Wana haki yao. Hata kule pwani, matembezi ya meli yakichelewa, meli inayangoja. Aliyetoka peke yake anaweza kuachwa bandarini. Nami sitamwambia mtalii aje leo kutembea kwenye vilima vyetu, nitakuwa mwongo. Ila msafara nao si kinga: mwaka 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa Virunga wakiwa ndani ya gari la hifadhi, na mlinzi wa kike aliyekuwa nao akauawa. Hifadhi ilifunga milango kwa watalii hadi 2019.

Ninaosema nao ni wale wanaokuja hata sasa: waandishi, wajumbe, watu wa misaada. Nani anajua daraja lililobebwa na mvua ya jana? Nani anajua kijiji kilichohama juzi? Baba aliyekimbia Kitchanga anaijua njia ya maziwa ya Mokoto kuliko ramani yoyote, naye leo anashinda chini ya hema bila kazi. Mpeni kazi hiyo, mlipeni kama mnavyomlipa yule wa Goma. Kuleni kwa mama anayepika barabarani. Mzigo ukiwa mdogo, chukudu ipo.

Nanyi vijana wetu, msimpeleke mgeni njia msiyoijua kwa sababu ya dola tano. Ukisikia risasi jana, mwambie leo, hata kama safari itakufa. Mlango wa hema la jirani usiufungue kwa picha kabla ya kumwomba ruhusa. Yeye si kinyago cha dukani.

Na bei ielewane kabla ya kuondoka, si njiani.